Ngome Zinazomtazama Wifi

Jumanne, 4 Machi

Kaka kampa mkewe zamu yake. Mkewe!

Nimepita kwao nikitoka kazini. Sijakaa hata vizuri, ananiambia kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Jumatatu analazwa, wanamtoa mawe kwenye nyongo, na daktari kasema kwa siku kadhaa simu aiweke mbali. Basi gemu atashika mkewe. Paswedi ameshampa, aanze kujizoeza.

Nikasema, "Vizuri." Sauti ikatoka nyembamba, hata mimi sikuitambua.

Miaka minne ya gemu moja hii! Wachezaji wanne, kila mmoja na himaya yake, na zamu tunapokezana: Kaka, halafu Kinyozi, halafu Mwalimu, halafu mimi. Ukishacheza unabonyeza Maliza, unakaa kusubiri wenzako. Ukipitisha siku nzima hujacheza, zamu inakufa na raia wako wanalala njaa. Ndiyo maana mtu akisafiri humwachia zamu mtu anayemwamini. Na wa Kaka siku zote nilikuwa mimi. Alipokwenda kozi ya lifti, mimi. Simu yake ilipodumbukia kwenye shimo la lifti huko huko kazini, mimi. Hata siku ya harusi yake — mimi! Yeye anakata keki, mimi nalinda mipaka yake chini ya kitambaa cha meza.

Eti, "Dada, wewe una himaya yako, utachoka bure. Huyu anajifunza haraka."

Huyu akacheka, akaniletea maji. Wifi yangu huyu hucheka hata kabla kichekesho hakijaisha. Nikanywa glasi nzima ili mdomo uwe na kazi.

Naandika hapa kwa sababu nitamwambia nani? Kwamba mwanamke mzima, fundi miwani mwenye heshima zake mtaani, anaona gere kwa ajili ya gemu ya simu? Watanicheka mpaka wachoke. Na watakuwa na haki.


Alhamisi, 6 Machi

Nimeharibu lenzi. Ya jicho la kushoto la mteja, nimeikata ikakaa kombo, na lenzi yenyewe ilikuwa ya kuagizwa. Bosi akanitazama juu ya miwani yake. "Fundi, una homa?" Sina homa. Nilikuwa nimetoka kusoma grupu letu la gemu.

Mwalimu — mwalimu wa hesabu, ndiye aliyetuanzishia gemu na ndiye msimamizi — aliandika kwamba zamu ya leo ya Fundi Lifti, yaani Kaka, imenyooka ajabu, sijui kala nini. Kaka akajibu: "Si mimi, ni kamanda wangu mpya." Na kijipicha cha saluti.

Kamanda! Wiki haijaisha, ni kamanda. Mimi miaka minne ananiita dada. Sawa, mimi ni dada yake. Lakini hata ukoplo sikuwahi kupewa.

Na kafanya nini cha ajabu? Wifi ni mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Basi kaifungua himaya ya Kaka kama anayefungua stoo. Hakutazama askari wala mipaka. Kaenda moja kwa moja kwenye maghala. Kakuta nafaka inaoza mji mkuu huku walinzi wa mpakani wanakula nusu posho. Kaihamisha. Basi. Jeshi lile lile, leo lina nguvu karibu mara mbili.

Mimi ndiye niliyemfundisha Kaka vita, tukiwa wadogo, kwa vizibo vya soda sakafuni. Nimeshika himaya yake mara ngapi. Nafaka ilikuwa inaoza mbele ya macho yangu na sikuiona! Fundi wa macho!

Jioni akanipigia. "Wifi, samahani, nikusumbue kidogo. Hivi nikitaka farasi wavuke mlima, inakuwaje?"

Nikamwambia wanavuka tu, wape chakula cha kutosha. Akashukuru mpaka nikachoka kusikia. Sikumwambia kwamba mvua ikinyesha farasi hawapandi, wanakwama katikati na kupungua. Hakuuliza kuhusu mvua, au siyo?


Ijumaa, 7 Machi

Kuhusu mvua kagundua mwenyewe. Kasubiri, farasi wote wamevuka salama.

Hajanipigia kuuliza tena. Hilo nalo limeniuma.


Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwao. Kaka anajifanya hana hofu. Kafungua na kufunga begi la hospitali mara sijui ngapi, mara kandambili zimo, mara hazimo. Wifi alikuwa anakunja nguo zake kitandani, polepole, kila shati anainyoosha kola kwa kiganja. Mashati yale nimeyapiga pasi mimi miaka yote ile kabla huyu hajajulikana yuko wapi. Nilisimama mlangoni sina cha kufanya na mikono yangu. Nikaenda kufuta jiko. Lilikuwa safi.

Baadaye tukakaa watatu, ramani ikiwa kwenye simu ya Kaka. Wifi akaweka kidole kwenye lile bonde lililo kati ya himaya yangu na ya Kaka. "Hapa mbona hapana mtu? Si kuna chuma?"

Nikacheka. Ndiyo kwanza nilicheka siku nzima. Hajui! Lile Bonde la Chuma ni letu sote wawili na halina mwenyewe. Tulikubaliana tangu raundi ya kwanza: nikitaka kupanuka naelekea mashariki kwenye mabwawa, yeye anaelekea magharibi, na bonde halimegwi. Kinyozi hutuita watu wawili wenye sebule isiyokaliwa na mtu. Acha atuite. Kaka akamweleza mkewe kwa ufupi, "Hapo ni pa mimi na dada," na mimi nikajisikia mrefu ghafla.

Nilipokuwa natoka Kaka alinisindikiza mpaka ngazini. Akanishika mkono. "Dada, nikichelewa kuamka, usimwache huyu peke yake."

Nikasema siwezi kumwacha. Njiani ndipo nikafikiri: hakusema usiniache mimi. Kasema usimwache huyu.

Kitu kimoja. Mkataba wetu wa udugu unaisha wiki hii. Kwenye gemu mkataba haudumu, kila baada ya raundi kadhaa kila upande lazima ubonyeze Huisha, kuupa uhai tena, la sivyo unakufa kimya kimya, hakuna king'ora wala nini. Kila mara Kaka hunipigia: "Dada, bonyeza." Leo hakusema. Kichwa chake kiko kwenye nyongo. Nami sikumkumbusha, mtu mgonjwa. Nitamwambia wifi.


Jumatatu, 10 Machi

Nesi katutazama wote wawili kwenye ule ukumbi unaonuka dawa ya sakafu. "Abaki mmoja tu. Nani wa karibu?"

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Wifi akasema, "Mimi, mkewe," akachukua begi, na pazia likafungwa. Akatoa kichwa tena nje kunipungia. Nikapunga na mimi. Nilipunga kama mtu anayefukuza nzi.

Nimerudi kazini kwa miguu. Nimesaga fremu za plastiki mpaka jioni, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

Halafu nafungua ramani, na nini naona? Mji. Mji mpya, una ukuta, una bendera ya Kaka — katikati ya Bonde la Chuma!

Kauita "Kituo". Hata jina hakujali kulipamba. Miji yangu inaitwa Darubini, Kioo, Lenzi Kuu. Yeye Kituo, kama mtu anayeandika lebo kwenye boksi.

Jana tu kaelezwa. Jana! Pa mimi na dada, kaelezwa kwa mdomo wa mumewe, akatikisa kichwa na kucheka. Na leo mumewe kafungiwa nyuma ya pazia, hana simu, hajui kitu, huyu kahamia. Keshachukua kitanda, kabati na mashati, sasa kaja na sebuleni.

Sikumpigia. Ningepiga ningesema mambo. Nimejitia hamnazo. Kaniandikia kwamba Kaka anakula supu na upasuaji ni Alhamisi. Nikajibu "asante".


Jumanne, 11 Machi

Nimecheza zamu yangu saa ya chakula cha mchana, nimejifungia kwenye chumba cha kupimia macho, mbele ya ule ubao wa herufi. Acha niandike yote nilivyofanya, maana nilifanya vizuri. Nilifanya vizuri sana!

Kwanza kaskazini. Huko napakana na Kinyozi. Nilikuwa na vikosi vinne vya mikuki na mizinga mizuri mitatu. Mikuki nimeacha kikosi kimoja pale mji wa Kioo, wazee wa jeshi, wa kufungua na kufunga geti. Waliobaki wote nimewashusha kusini.

Pili, mlima. Juu ya Bonde la Chuma kuna vilele vitatu, vyote vyangu, na kati yake kuna njia moja tu ya kupita. Kila kilele nimejenga ngome. Mawe yote niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya bandari ya mashariki yameishia humo. Bandari itasubiri. Kila ngome nimeipa mzinga, na kila mzinga nimeupa amri ya Linda. Amri ya Linda maana yake ni hii: zamu yangu ikifunguka tu, kabla sijagusa chochote, ngome zinapiga jeshi lolote lililo kwenye njia ambalo halina mkataba na mimi. Zenyewe. Huhitaji hata kuwa macho.

Mji wake risasi haziufikii. Sijamshambulia. Ni ulinzi. Mtu ana haki ya kujilinda na jirani aliyehamia bila hodi.

Tatu —

Tatu, ile alama ya pete ilikuwa inapepesa pembeni ya skrini. Mkataba wa udugu: raundi ya mwisho. Huisha? Nikaiangalia. Wifi hajui kabisa kwamba kuna kitu kama hicho, Kaka ndiye hukumbuka. Ningempigia tu, "Wifi, bonyeza." Neno moja.

Sikumpigia. Na sikubonyeza.

Nikabonyeza Maliza. Pete ikakatika vipande viwili, ikafifia, ikapotea. Haikutoa hata mlio.

Nikatoka kumhudumia mama mmoja aliyekuja kuchagua fremu. Akaniambia leo ninang'aa. Nilikuwa ninang'aa kweli. Ni kijiba cha roho hiki, najijua, lakini kilikuwa kinang'aa.


Jumatano, 12 Machi

Kinyozi kaja dukani kuchukua miwani yake mipya. Kinyozi mwenyewe, yule yule, ana saluni yake upande wa pili wa barabara. Nikamvalisha, nikawa namrekebishia mikono ya fremu nyuma ya masikio, yeye anajiangalia kwenye kioo, anageuza kichwa huku na huku kama anavyowageuza wateja wake.

"Fundi," akasema, "naona sasa. Naona mpaka mbali."

"Ndiyo kazi yake."

"Naona mpaka kaskazini kwako. Mbona kweupe?"

Mikono yangu ikasimama. Akacheka, akatoa simu, akanionyesha. Alishacheza. Wapanda farasi wake wameizunguka Kioo pande zote. Kikosi changu kimoja kimo ndani, na ghala lina chakula cha raundi mbili tatu.

"Mwenzio sikutaka kupitia kwako," akasema, kama anayeomba radhi. "Nilitaka kupita bondeni, nimpige kaka yako tumboni akiwa hayupo. Mwezi mzima naandaa! Sasa huyo anayemshikia zamu, sijui kaninusa wapi, kapanda mji pale pale mlangoni. Kaniziba. Mtu ana akili huyo! Ikabidi nizunguke, na kuzunguka ni kwako."

Nikamwuliza kama mikono ya fremu inambana. Haimbani. Akaondoka anapiga mluzi.

Kwa hiyo ndivyo. Ule mji haukuwa sebule. Ulikuwa mlango. Bila shaka aliwaona wapelelezi wa Kinyozi akafunga, basi, kama anavyofunga stoo. Na hakuja kujisifu. Labda alidhani nimeelewa. Mimi mwalimu wa Kaka, bingwa wa vizibo vya soda, sikuelewa.

Na ninaandika ukweli: kitu cha kwanza kilichoniuma si Kioo. Ni lile neno, "mtu ana akili huyo". Hata adui anamsifu!

Zamu yangu ilifika jioni. Nimeamuru mizinga iteremke irudi kaskazini, lakini mzinga ukishafungwa ngomeni kuufungua ni raundi mbili, na mpaka ufunguke amri ya Linda inabaki pale pale. Mikuki nayo ni safari. Hawatawahi. Mkataba sasa hauhuishwi, umekufa, lazima nitume ombi jipya, na yeye alipokee. Angeona ombi angeuliza: kwani wa zamani umekwenda wapi? Nimekaa na kidole juu ya lile ombi mpaka chai imepoa.

Nikasema kesho. Kesho ni upasuaji, hatacheza kesho, ana mambo yake. Nitatuma wakati wowote.

Hakuna jeshi kwenye njia kwa sasa. Hakuna wa kupigwa.


Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi. Kaka kaingizwa. Wifi kaniandikia: wamemchukua, alikuwa anatania manesi kuhusu lifti yao inayokwaruza. Sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Bosi kanipa kazi ya kupanga vikasha vya miwani kwa rangi. Mtu mwema, hajui aseme nini.

Halafu ujumbe wa pili. Nanakili hapa kama ulivyo.

"Wifi, usiwe na wasiwasi na Kioo. Nimecheza humu koridoni ili nisifikirie. Nimekutumia jeshi lote la kaka yako, farasi wote na mizinga, hata walinzi wa mji mkuu nimewatoa. Wameshafika kwenye njia chini ya ngome zako. Kesho wanatokea kwa Kinyozi. Nimeona ngome zako nikafurahi, nikasema angalau hapo watalala salama."

Nimesoma nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Chini ya ngome zangu. Jeshi lote. Miaka minne ya Kaka, yote, imepangwa kwenye njia nyembamba chini ya mizinga mitatu yenye amri ya Linda, haina mkataba, na zamu yangu ikifunguka tu — kabla sijagusa kitu! Hata nisipoifungua, kesho itajifungua yenyewe ndipo ife. Na nyuma yao mji mkuu hauna hata mlinzi wa geti. Kinyozi ataona. Ana miwani mipya.

Kuna njia moja. Mwalimu anaweza kurudisha zamu nyuma, kwa sheria yetu: mwenye kosa aandike kwenye grupu, mbele ya wote, kafanya nini na kwa nini. Na kwa nini! Mwalimu hakubali "nimekosea" peke yake, anataka njia nzima kama kwenye hesabu. Niandike nini? Kwamba niliacha mkataba na kaka yangu ufe kwa sababu mkewe ananyoosha kola vizuri?

Bora nimwambie wifi kwanza. Faragha. Yeye amwombe Mwalimu, aseme kakosea njia, mgeni husamehewa. Ndiyo, nilifikiri hivyo. Nilifikiri kumtwika yeye.

Nikampigia. Akapokea papo hapo.

"Wifi! Nilikuwa nakupigia! Katoka. Katoka salama, ndiyo wanamrudisha kitandani. Mawe wameyaweka kwenye kichupa, manne, wamempa kama zawadi." Anacheka na kulia pamoja, pua imeziba. "Bado ana usingizi, anaongea kilevi-levi. Unajua kauliza nini, neno la kwanza? 'Dada kashacheza?' Mimi nimesimama hapo hapo, nimemshika mkono! Hata sijaulizwa!"

Akacheka. Alikuwa anafurahi kweli, kwa ajili yangu. Hana kinyongo huyu mwanamke, kinyongo chote nimepewa mimi.

Na mimi — hakuna atakayesoma hapa — nilifurahi. Si kwamba katoka salama. Hilo lilikuja baadaye kidogo, nusu pumzi baadaye, lakini baadaye. Kwanza nilifurahi kwamba aliyeulizwa si yeye. Ni mimi! Katoka huko alikokuwa kanitafuta mimi. Furaha ikanipanda mpaka masikioni, nikawa siisikii tena simu.

"Wifi? Upo? Ulitaka kuniambia kitu?"

"Hapana," nikasema. "Nilitaka kujua hali yake tu."

Simu ikakatika. Nikaiangalia. Nilikuwa nimepiga kwa ajili ya jambo moja tu.

Sasa ni saa nane na kitu. Kinyozi kacheza. Mwalimu kacheza wakati wa mapumziko ya shule. Skrini inaandika: Zamu yako imefika. Gusa kufungua.

Sijagusa. Simu imelala kifudifudi kwenye meza ya kazi, kati ya bisibisi ndogo na kile kitambaa cha kufutia. Kila ikitikisika meza yote inatikisika. Naigeuza kidogo kusoma, nairudisha.

Mwalimu: "Fundi, tunakusubiri wewe."

Kinyozi: "Kaona Kioo kapandwa na presha, mwacheni apumue."

Nimeanza kumwandikia Mwalimu. Nimeandika, "Nilisahau kuhuisha." Nimefuta. Sikusahau. Nimeandika, "Sikuhuisha mkataba kwa sababu." Hapo nimekwama.

Bosi kaniambia nenda ukamwone ndugu yako, kazi gani unafanya hapo, hivyo vikasha umevipanga mara tatu. Nimevua aproni. Nimekaa kwenye benchi la wateja na begi mapajani.

Imetikisika tena. Ni wifi, kwenye grupu, mbele ya wote: "Msimharakishe wifi yangu. Yuko njiani anakuja hospitali." Sikumwambia nakuja. Kanisemea tu.

Na mwingine, wa peke yangu:

"Ukifika nipigie, nesi anataka mmoja, nitatoka nje uingie wewe. Kaka yako anaomba aione ramani. Nikampa simu yake kakataa, anasema ya kwako. Anataka mfungue pamoja zamu yako."